Somo la Usimamizi wa Miradi ya Mifumo ya Habari: Ratiba Limeifundisha, Mkataba Limeuacha Njiani

Nilisoma somo la Usimamizi wa Miradi ya Mifumo ya Habari katika muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili, kwenye chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam ambacho sitakitaja jina, kwa sababu wenzangu waliosoma somo kama hili katika vyuo vingine wananieleza mambo yanayofanana sana na haya, na sioni haki chuo kimoja kikabebeshwa lawama ya wengi. Somo lina krediti 12, ambazo kwa hesabu ya vyuo vyetu ni saa 120 za kazi ya mwanafunzi. Darasani tulikutana kila Jumatano kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku kwa wiki 15, na saa zilizobaki, ambazo ni nyingi kuliko zile za darasani, zilikwenda kwenye kusoma, mazoezi na kazi ya kikundi. Anayetoka kazini Posta au Kariakoo na kupambana na foleni ya jioni alihesabu hilo kabla ya kujiandikisha, maana kati ya wiki ya 6 na ya 11 kazi zinafuatana bila kupumzika.

Niliingia darasani nikiwa na kidonda changu. Taasisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilinunua mfumo wa kusimamia stoo na ankara. Mkandarasi akaufunga, akatufundisha kwa siku 2, tukasaini hati ya makabidhiano, naye akalipwa fedha zake zote. Mwaka uliofuata tulitaka kubadilisha muundo wa ankara, jambo dogo ambalo mtengeneza programu mzoefu angelimaliza kwa siku moja, tukakuta kwamba msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, hatuna, nywila ya msimamizi mkuu wa hifadhidata anayo mkandarasi, na mkataba haukusema lolote kuhusu hayo mawili. Mimi ndiye niliyesaini ile hati kwa niaba ya idara ya TEHAMA. Kwa hiyo nilikwenda chuoni na swali moja tu: mradi wa namna ile unasimamiwaje ili mwisho wake taasisi iwe na mfumo wake kweli? Tathmini hii inalipima somo kwa swali hilo, na msomaji mwenye swali jingine huenda akalipa alama tofauti na zangu.

Nianze na kilicho bora, nacho ni upangaji. Mhadhiri wetu alikuwa mtu wa kuandika ubaoni. Hakutegemea slaidi alipofika kwenye hesabu, na alikuwa na subira ya kurudia mpaka mtu wa mwisho aelewe. Alitufundisha mbinu ya makadirio matatu iliyotokana na mradi wa makombora ya Polaris wa Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1958, na mfano alioutumia ulikuwa wa kazi ambayo kila mtu wa mifumo anaijua: kuhamisha kumbukumbu za zamani kwenda hifadhidata mpya. Mambo yakienda vizuri kabisa ni siku 6, kwa kawaida ni siku 9, na yakiharibika ni siku 24. Unachukua ya kawaida mara 4, unajumlisha na hizo mbili za pembeni, unagawanya kwa 6, unapata siku 11. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kilichotushughulisha karibu saa nzima ni ile 24. Alimtaka kila mmoja aeleze siku hizo 24 zimetoka wapi: majina ya wateja yaliyoandikwa kwa namna tatu, tarehe zilizoanza na mwezi badala ya siku, namba za simu zilizopoteza sifuri ya mwanzo zilipopitishwa kwenye jedwali la kompyuta. Nilikuwa nimezoea kuandika kwenye mpango wa kazi "kuhamisha data, wiki 1" na kuendelea na mstari unaofuata. Tangu siku ile sijaweza kuuandika mstari huo bila kwanza kufungua data yenyewe na kuiangalia.

Wiki bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa ya kupima thamani ya kazi iliyofanyika. Tulipewa mradi wa shilingi milioni 120 wa miezi 12, na tukaambiwa kuwa miezi 6 imepita, shilingi milioni 70 zimetumika, na asilimia 40 ya kazi imekamilika. Ripoti za maofisini nyingi nilizowahi kuziona zingesema kwamba mradi umetumia milioni 70 badala ya milioni 60 zilizopangwa kwa kipindi hicho, basi tumezidisha milioni 10 na hali si mbaya sana. Mhadhiri akatuonyesha hesabu nyingine. Kazi iliyokamilika ina thamani ya milioni 48, na imegharimu milioni 70. Kila shilingi iliyotoka imeleta kazi ya senti 69 tu. Mradi ukiendelea kwa mwendo huo utamalizika kwa shilingi milioni 175. Darasa lilinyamaza, maana wengi wetu ni watumishi wa ofisi zenye miradi, na kila mmoja nadhani alikuwa akipiga hesabu ya mradi wake kichwani. Mtu akiniuliza kama somo hili lina thamani ya ada yake, namwambia kipindi hicho kimoja kinatosha kurudisha sehemu kubwa, mradi tu arudi nacho ofisini na kudai kwamba ripoti ya mwezi ioneshe kazi iliyokamilika badala ya fedha iliyotumika.

Kuhusu mbinu za kazi, somo ni la haki. Wanaofundisha mambo haya mara nyingi huonyesha ule mtindo wa hatua moja baada ya nyingine, kuanzia mahitaji hadi usanifu hadi majaribio, kama mtindo wa wazee waliokosa akili, kisha wanasifia mizunguko mifupi ya wiki 2 kama wokovu. Sisi tulisoma kwamba Winston Royce, ambaye makala yake ya mwaka 1970 ndiyo inayotajwa kuwa chanzo cha mtindo huo, mwenyewe aliandika humo humo kwamba kuufuata mfululizo ule bila kurudi nyuma ni hatari na kunaalika kushindwa. Tulisoma pia tamko la Agile, linalotajwa na wanaotetea mizunguko hiyo mifupi, la wale watengeneza programu 17 waliokutana Snowbird, Utah, mwezi Februari 2001, tukaambiwa tuseme ni lipi kati ya yale wanayoyasisitiza linatekelezeka pale ambapo mteja ni wizara na malipo yote yamefungwa kwenye bajeti ya mwaka. Mjadala ulikuwa mzuri. Sina la kuongeza hapo.

Kazi ya kikundi ndiyo iliyonifundisha zaidi, ingawa sehemu ya mafunzo hayo haikupangwa na mtu yeyote. Tulikuwa watu 5, na tulichagua kuandaa mpango kamili wa mradi wa mfumo wa stoo ya dawa kwa hospitali moja ambayo mwenzetu alikuwa na mwenyeji. Tulitumia wiki 3 kuchora chati ya Gantt, yaani ratiba ya mistari inayoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini, tukaipaka rangi, tukahesabu njia ndefu ya kazi zisizoweza kuchelewa bila mradi wote kuchelewa, tukaona tumemaliza. Mhadhiri alikataa kuipokea mpaka tuipeleke kwa watu watakaoutumia mfumo. Tukaenda. Mtunza stoo ni mama mtu mzima. Tulimwamkia, akatupa viti, akaikunjua chati yetu juu ya meza kati ya maboksi ya dripu, akaifuata kwa kidole mwezi hadi mwezi mpaka akafika wiki ya mwisho wa Juni, tulipokuwa tumeandika "mafunzo kwa watumiaji".

"Wanangu, wiki hii mtanifundisha saa ngapi?" akauliza. "Tarehe 30 nahesabu dawa moja moja, na wakaguzi wakija wanaanzia kwenye hesabu hiyo."

Watu 5 wa shahada ya uzamili, wote watumishi, na hakuna aliyekumbuka kwamba mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Lakini lililonigusa zaidi lilikuwa kwenye leja yake. Aliifungua kutuonyesha jinsi anavyoandika dawa zinazotoka, nikaona baadhi ya mistari ameiandika kwa kalamu ya wino na mingine kwa kalamu ya risasi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema za wino zimetoka moja kwa moja, za risasi zimeazimwa na wodi usiku wakati famasia imefungwa. Zikirudishwa anafuta, zisiporudishwa hadi Ijumaa anazipitishia wino. Mchoro wetu wa mfumo ulikuwa na "kupokea" na "kutoa" tu. Dawa ya kuazima haikuwa na mahali pa kukaa, na kama mfumo ule ungejengwa tulivyouandika, siku ya kwanza tu hesabu ya kompyuta ingepishana na ya rafuni, na yule mama angerudi kwenye leja yake akiwa na sababu nzuri kabisa. Kwa hilo nampa mhadhiri shukrani ya dhati. Angeweza kupokea chati yetu ya rangi na kutupa alama, naye akatutuma stoo.

Sasa nifike kwenye upungufu, na sitauficha kwa sababu ni mkubwa. Mifano mikuu ya somo ni miwili, na yote ni ya mbali. Wa kwanza ni mtambo wa mizigo wa uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, uliochangia uwanja ule kufunguliwa Februari 1995, miezi 16 baada ya tarehe iliyopangwa, na ambao hatimaye uliachwa kabisa mwaka 2005. Wa pili ni mfumo wa kuelekeza magari ya wagonjwa jijini London, uliowashwa tarehe 26 Oktoba 1992 na kuvurugika siku hiyo hiyo. Ni mifano mizuri, na sipingi kuwemo kwake. Ninachopinga ni namna ilivyofundishwa, kama hadithi za ajali: begi limepasuliwa na mtambo, gari la wagonjwa limechelewa, wanafunzi wakasikitika, tukafungua ukurasa mwingine. Ajali za Denver na London zilianza kwenye makaratasi. Denver mkataba wa mtambo wa mizigo ulisainiwa mwaka 1992 wakati jengo lenyewe limekwisha kuanza kujengwa, ikabidi mtambo upitishwe kwenye nafasi ambazo hazikupimwa kwa ajili yake. London tarehe ya kukamilisha mfumo wote, 8 Januari 1992, iliwekwa kama sharti lisilojadilika ingawa wazabuni wengi walisema haiwezekani, na kazi ikapewa wale waliokuja na bei ya chini kabisa, ambao hawakuwa na uzoefu wa mfumo wa aina ile. Hapo ndipo mwanafunzi wa Tanzania angejiona mwenyewe, maana tarehe ya kulazimisha na mzabuni wa bei ya chini tunavijua vizuri. Somo lilivigusa kwa sentensi moja.

Na kwa nini twende Denver tu? Mwaka 2015 kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa ilikuwa imepangwa kufanyika tarehe 30 Aprili, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za BVR, zinazochukua alama za vidole na picha, ulioanzia mkoani Njombe mwezi Februari, ulikuwa haujakamilika nchini. Kwa mwalimu wa usimamizi wa miradi hakuna mfano ulio wazi kuliko huo wa kazi moja kushikilia nyingine: vifaa, mafunzo ya waandikishaji, kuzunguka mikoa, kisha tarehe ya kitaifa inayongoja mwisho wa mnyororo. Kila mtu darasani aliishi jambo lile, na wengi wetu tulipanga foleni zile. Kwa upande wa mafanikio upo mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG, uliojengwa na wataalamu wa ndani wa Serikali na kuanza kutumika mwaka 2017, ambao umeifanya kontroo namba kuwa neno la kila siku kwa anayelipa faini, ada ya mtihani au bili ya maji. Ningependa sana kusoma namna mradi ule ulivyoziunganisha taasisi nyingi na benki nyingi bila kila mmoja kubaki na mlango wake. Nilimuuliza mhadhiri kwa nini haumo. Alijibu kwa uungwana kwamba vitabu alivyonavyo havina, na kwamba kuandika mfano mpya kunahitaji muda ambao mzigo wake wa vipindi haumpi. Naelewa. Hata hivyo wanafunzi wa uzamili wanaandika tasnifu kila mwaka, na baadhi yao wametoka kwenye miradi hiyo hiyo. Chuo kina hazina ndani ya nyumba yake na hakijaifungua.

Upungufu unaoniuma zaidi ni wa ununuzi, mkataba na makabidhiano. Mada hizo tatu zilipewa kipindi kimoja katika wiki ya 13, kwa slaidi, na nusu ya muda ilikwenda kwenye kueleza aina za mikataba kwa jumla: wa bei isiyobadilika, wa kulipia muda na vifaa, na kadhalika. Lakini ofisi nyingi za nchi hii hazijengi mifumo yao zenyewe, zinanunua. Meneja wa mradi wa mifumo katika halmashauri, hospitali au shirika huwa hana watengeneza programu 10 wa kuwapangia kazi. Ana hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayoitaka, ana zabuni, ana mkandarasi mmoja, na ana kalamu ya kusaini malipo. Nguvu yake yote iko kwenye yale aliyoyaandika kabla ya mkandarasi kupatikana: malipo yamefungwa kwenye hatua gani, nani anaendesha majaribio ya kukubalika na kwa data ya nani, kipindi cha uangalizi ni miezi mingapi, msimbo chanzo na nywila zinakabidhiwa lini na kwa ushahidi gani, na kama mkandarasi akifunga ofisi yake mfumo unaendelea mikononi mwa nani. Kwa maswali hayo ndipo pesa za taasisi zinapookolewa au kupotea. Mimi nilisaini hati ya ukurasa mmoja isiyo na hata swali moja kati ya hayo, na nilitegemea somo hili linifundishe hati nyingine inaandikwaje. Halikunifundisha.

Sheria nazo zilikosekana kwa namna inayoshangaza. Mwanafunzi anaweza kumaliza wiki 15 bila kusikia kwamba kuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ambayo kila taasisi ya umma inayotaka kuanzisha mradi wa TEHAMA inapaswa kuijua kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, wala kwamba zabuni za umma sasa hupitia mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Kikundi chetu kiliandaa mfumo wa hospitali na hakuna mahali popote kwenye mwongozo wa kazi palipotutaka tuseme taarifa za wagonjwa zitalindwaje, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kutumika. Tuliongeza sehemu hiyo wenyewe, kwa sababu mmoja wetu ni mwanasheria kwa shahada yake ya kwanza. Kikundi kisicho na mwanasheria kingepata alama zile zile bila kuigusa.

Utahini ni wa kawaida: tathmini endelevu alama 40, mtihani wa mwisho alama 60, saa 3. Mtihani ulikuwa wa haki na maswali ya hesabu yalifanana na ya darasani, ila ningependa mgawanyo huo ugeuzwe. Kilichonibakia kimetoka stoo ya dawa, na stoo ile ilikuwa na alama 20 tu. Usimamizi wa vikundi pia unahitaji kuangaliwa. Katika kundi letu mmoja alionekana mara 2 tu katika muhula mzima na alipata alama sawa na waliokesha, na hakukuwa na fomu yoyote ya wanakikundi kutathminiana. Somo linalofundisha kugawa kazi na kufuatilia uwajibikaji lingeanza na vikundi vyake lenyewe.

Kwa nani basi nalipendekeza? Kwa mtu wa TEHAMA ambaye ameandika programu kwa miaka kadhaa na sasa anapewa kusimamia wenzake, somo hili ni zuri sana, aliendee bila wasiwasi. Kwa mtu wa ununuzi au mkuu wa idara anayepokea mifumo kutoka kwa wakandarasi, lina nusu ya anachohitaji, na nusu ya pili atalazimika kuitafuta kwa kusoma mikataba yenyewe na kukaa na mwanasheria wa taasisi. Kwa mwanafunzi aliyetoka shahada ya kwanza moja kwa moja bila kufanya kazi, ningemshauri asubiri mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa ile siku 24 ya mhadhiri haina maana kwa mtu ambaye hajawahi kuhamisha data iliyooza.

Anayejiandikisha aje na mradi wake mkononi tangu wiki ya kwanza, hasa kama ofisi yake inaandaa zabuni, kisha amwombe mhadhiri autumie kwa kazi ya kikundi. Wetu alikubali maombi ya namna hiyo kwa vikundi 2. Programu ya kuchorea ratiba iliyofungwa kwenye maabara ya chuo ilikuwa na leseni chache kuliko wanafunzi, tukawa tunapokezana kompyuta hadi mlinzi anakuja kufunga mlango. Baadaye tuligundua kwamba ProjectLibre, ambayo haina malipo, inafanya karibu yote tuliyotakiwa kufanya na inafungua mafaili ya Microsoft Project, kwa hiyo ni vema kuipakua mapema nyumbani.

Mimi mwenyewe nimehamia taasisi nyingine, na mwezi huu tunaandaa hadidu za rejea za mfumo wa mapato. Makadirio ya kuhamisha data nimeyaandika kwa namna ya darasani, baada ya kuzifungua kumbukumbu zenyewe, na mafunzo tumeyaweka wiki ya 2 ya Julai. Kipengele cha msimbo chanzo na nywila za hifadhidata kiko ukurasa wa 3, na malipo ya mwisho hayatoki mpaka fundi wetu awe ameusimika mfumo upya kwenye seva tupu, kwa mkono wake, bila mkandarasi kuwepo chumbani.